Anna wa Bastogne Alikuwa na Jina Lake

Aliyetazama Band of Brothers, mfululizo wa televisheni kuhusu Vita Kuu ya Pili, hajasahau sehemu ya 6. Bomu limeangukia kituo cha majeruhi pale Bastogne nchini Ubelgiji, Eugene Roe, tabibu wa Kompania ya Easy ya jeshi la Marekani, anachakura kifusi, anaokota kitambaa cha kichwa cha muuguzi Renée. Kamera inatulia kwenye kitambaa hicho. Anna, muuguzi mweusi aliyekuwa akihangaika na majeruhi wale wale, hakuna anayemuulizia. Yu hai? Amekufa? Mwandishi Bruce McKenna na mwongozaji David Leland hawakuona haja ya kutuambia. Walikosea, tena vibaya.

Wapo watakaosema tamthilia ina uhuru wake. Sawa. Kuhamisha kituo kutoka nyumba ya Rue de Neufchâteau na kukiweka kanisani ni uhuru huo. Kumleta Roe pale pia, ingawa kituo cha kweli kilikuwa cha Dkt. John Prior wa Divisheni ya 10 ya vifaru. Lakini kumpa mtu sura na kumnyima hatima ni uzembe, na uzembe huu ni mazoea: Mwafrika kwenye filamu za vita hupita nyuma ya mhusika, kisha tukio linakatwa.

Jambo linaloudhi zaidi ni kwamba dawa ya kosa hilo walikuwa nayo mkononi. Sehemu za mfululizo huo hufunguliwa na wazee halisi wa Kompania ya Easy, wameketi mbele ya kamera wakisimulia. Watayarishaji waliwatafuta wazee hao mpaka wakawapata. Mwaka 2001, mfululizo ulipotoka, "Anna" alikuwa na miaka 80, mzima, akiishi Ubelgiji. Kwake haukupelekwa hata msafara mmoja.

Jina lake ni Augusta Chiwy. Alizaliwa 1921 katika nchi ambayo leo ni Burundi, mama Mkongo, baba daktari wa mifugo kutoka Bastogne. Alisomea uuguzi Leuven, akaja kwa babake kwa Krismasi ya 1944, Wajerumani wakauzingira mji. Alijitolea kwa Prior, akavaa sare ya jeshi la Marekani, akatoka naye kwenda kuokota majeruhi risasi zikipita. Majeruhi wengine walikataa kuguswa na mweusi. Prior aliwaambia wachague, ama yeye ama kifo.

Bomu la tarehe 24 Desemba lilimuua Renée Lemaire pamoja na majeruhi wapatao 30. Chiwy alikuwa nyumba ya pili na Prior. Mlipuko ulimrusha ukutani, akainuka akaendelea na kazi. Bamba la ukumbusho pale mtaani lina jina la Renée, na ni haki yake. Lakini watu wakaamini Chiwy naye alikufa.

Mwanahistoria Mskoti Martin King ndiye aliyekataa kuamini. Aliuliza hadi akamkuta kwenye nyumba ya wazee karibu na Brussels. Nishani ya mfalme wa Ubelgiji ilikuja 2011, na ya jeshi la Marekani mwaka huo huo. Alifariki Agosti 2015.

Wakongwe wetu wa Kenya waliokuwa jeshini katika vita hivyo hawakungoja mtu wa kamera. Waruhiu Itote aliandika mwenyewe habari za Burma, akachapisha 1967; Bildad Kaggia naye akaandika miaka yake jeshini, 1975. Vitabu vyao vinawapita McKenna na Leland kwa jambo moja la msingi: mwenye habari ndiye anayesimulia.

Kwa hiyo, msomaji wa Mabanga, Bungoma au Kitale, kama yupo kukhu (nyanya) kwenu aliyewahi kufunga vidonda vya askari, usisubiri jina lake lionekane ukutani. Kaa naye wiki hii. Andika majina yake yote, hospitali, mwaka, na wale aliofanya nao kazi, kisha weka nakala moja kwenu na nyingine kwenye maktaba iliyo karibu.