Uboa hakimbizi mtu

Wenzangu, mmoja wetu aliandika hapa majuzi kwamba michezo ya kompyuta ni kazi ya watu wasiokosa umeme. Nilicheka sana, maana usiku ule mimi nilikuwa nacheza na betri imebaki asilimia 20, mtaa wetu wote hapa Butembo giza, na jirani amezima mashine yake sababu benzini imepanda bei. Lakini leo sitetei michezo yote. Mingine ni upuuzi kweli. Naongelea mmoja tu, tena si wote, bali viumbe vilivyomo ndani yake, sababu vimeingia nyumbani kwetu na kuna jambo limetokea ambalo bado nalizungusha kichwani.

Mchezo unaitwa Yume Nikki. Kwa Kijapani ni kama kusema daftari la ndoto. Aliyeutengeneza anajiita Kikiyama, na mpaka leo watu hawajui sura yake wala jina lake la kweli. Aliutoa mara ya kwanza mwaka 2004, akaendelea kuurekebisha hadi toleo la 0.10 mwaka 2007, na aliugawa bure. Umetengenezwa kwa RPG Maker 2003, kwa hiyo picha zake ni za vidoti vikubwa na kompyuta yoyote ya zamani inaubeba. Ndiyo maana uliweza kutufikia sisi: kwa flashi, toka mkono hadi mkono, sawa na notisi za auditoire. Na maneno yake ni machache mno, karibu hakuna. Hauhitaji Kijapani, hauhitaji Kiingereza.

Kuko msichana, Madotsuki. Anakaa katika chumba kidogo chenye kitanda, meza, televisheni na balkoni. Ukimwambia afungue mlango atoke, anatikisa kichwa: hapana. Basi unamlaza. Akilala, mlango unafunguka, anatokea fasi yenye milango 12, na nyuma ya kila mlango kuna ndoto. Unatembea. Hakuna anayekuambia uende wapi. Hakuna pointi, hakuna vita vya kushinda, hakuna mfalme wa kuokoa. Unachokusanya ni vitu 24 vinavyombadilisha msichana: mwavuli unaoleta mvua, baiskeli, kichwa kilicho taa ya barabarani ambacho kikiwaka nyekundu viumbe vinasimama. Na kisu. Kisu nitakirudia.

Sasa viumbe. Vingi havina majina. Majina tunayotumia yametolewa na wachezaji wenyewe, maana Kikiyama alikaa kimya. Kuna wanawake wenye midomo ya ndege, wanaitwa Toriningen. Wengine wametulia, wanakula zao, wengine wana wazimu, wakikuona wanakukimbiza, na wakikugusa unajikuta fasi isiyo na njia ya kutokea. Kuna mtu mwenye rangi nyeusi na nyeupe tupu anayepiga piano ndani ya chombo cha angani. Kuna msichana ambaye ukimwelekezea ile taa nyekundu, anageuka mbele yako, anaota mikono mingi kuliko inavyofaa. Na kuna Uboa.

Uboa anapatikana hivi. Katikati ya bahari ya rangi ya waridi kuna nyumba ndogo. Ndani kuna msichana mwenye nywele za njano, chumba kisafi, kimya, na kwenye ukuta kuna kitufe cha taa. Ukizima taa, chumba kinakuwa giza, basi. Ukiwasha, chumba kinarudi. Lakini kila unapozima kuna nafasi moja kati ya 64 kwamba yule msichana hatakuwepo tena. Mahali pake kutasimama kitu cheusi chenye sura nyeupe iliyopinda, na sauti ambayo nikiwa na ekuta masikioni nilizitupa chini. Ukikigusa, kinakutupa mbali, fasi ambayo huwezi kurudi kwa miguu. Inabidi Madotsuki ajifinye shavu aamke.

Kwa muda mrefu nilikuwa na nadharia yangu juu ya viumbe hawa, na nilitaka kuiandika hapa kwa ushujaa wa mtu aliyemaliza TFC. Nadharia ilisema: tunaogopa kitu kisicho na uso. Mfano wangu ulikuwa wa kwetu. Agosti 2018 Ebola ilipotangazwa Mangina, ikaingia Beni, ikateremka hadi Katwa na Butembo, tuliona watu wa kuzika wamevaa nguo nyeupe kutoka kichwani hadi miguuni, miwani mikubwa, hakuna pua, hakuna mdomo. Watoto walikimbia, na wakubwa, tuseme kweli, walirusha mawe. Ugonjwa ulitangazwa kwisha Juni 2020, watu 2,287 wamekufa, na katikati ya hayo madaktari wenyewe waligundua kwamba uso ni dawa: kule Beni shirika la ALIMA lilileta vile vyumba vya plastiki angavu vinavyoitwa CUBE, familia ikaweza kumwona mgonjwa wao, na mgonjwa akawaona wanaomtunza. Hofu ikapungua kidogo. Basi nikasema: kumbe Yume Nikki ni hilohilo, viumbe visivyo na uso.

Nadharia nzuri, lakini ni ya uongo. Uboa ana uso. Tena hana kitu kingine zaidi ya uso! Toriningen wana uso. Unawaona vizuri kabisa, mchana kweupe, na bado mgongo unakusisimka. Nadharia yangu ilikufa hapo, na aliyeiua ni mtoto wa baba yangu mdogo.

Huyo mdogo wangu ana miaka 14. Walikuwa wanakaa Beni, upande wa Rwangoma, mpaka walipochoka kukimbia na kurudi, kukimbia na kurudi, wakaja Butembo kwa jumla. Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wanauawa na wanaokuja usiku, na yeye hajakumbuka maisha yaliyo tofauti. Sitasema alichoona, ni chake. Nitasema tu kwamba halali bila taa. Umeme ukikatika anawasha kitochi cha simu akilaze karibu na kichwa, na betri ikiisha anaamka hapohapo, bila mtu kumwamsha.

Kwa hiyo nilimkataza huo mchezo. Niliuficha ndani ya folda iliyoandikwa "Statistiki". Mnajua watoto. Siku moja ya ville morte, sote tumefungiwa nyumbani, nilirudi kutoka uani nikamkuta ameshafika kwenye nyumba ya bahari ya waridi. Na alikuwa anafanya nini? Anazima taa. Anawasha. Anazima. Anawasha. Rafiki zake wamemsimulia juu ya Uboa, naye anamtafuta. Yule mtoto asiyeruhusu taa izimwe, amekaa pale karibu saa nzima anazima taa kwa kidole chake mwenyewe.

Nilisimama mlangoni, sikusema kitu. Nilitaka kufunga kompyuta, na nilijisikia mjinga kwa kutofanya hivyo. Mwishowe Uboa alitokea. Mtoto aliruka, kisha akakaa akakiangalia. Hakukigusa. Dakika nzima.

"Yaya," akaniambia bila kugeuka, "hii haikimbizi mutu."

Nikamuuliza, sasa inafanya nini?

"Hakuna. Iko tu. Haitafuti kitu kwetu."

Nilihangaika na neno hilo wiki nzima. Maana ni kweli, na ni uhakiki bora kuliko kurasa zote nilizosoma juu ya mchezo huu. Mashabiki wake duniani wameandika mlima wa maelezo: kiumbe hiki ni ajali ya barabarani iliyomwumiza Madotsuki utotoni, kile ni mama yake, Uboa ni jambo baya alilofanyiwa gizani. Kila kiumbe kinapewa kesi na hukumu. Ninaelewa kwa nini. Mtu anataka hofu iwe na sababu, sawa na sisi tunavyokaa kwenye kahawa kueleza kwa nini wamepita kijiji hiki na kuacha kile. Lakini mchezo wenyewe hausemi hata neno moja la hayo. Nadhani ukimpa Uboa sababu, umemgeuza kuwa mtu anayetaka kitu. Na hao mdogo wangu anawajua tayari. Hofu ya kwetu ina anwani: anayekuja usiku anatafuta mbuzi, anatafuta kijana wa kubeba mizigo, anatafuta shingo. Hofu ya Uboa haina ombi. Unaweza kusimama mbele yake ukaiangalia, na ikikuzidi, unafinya shavu. Hiyo ya kufinya shavu, Beni hatukupewa.

Mnaweza kuona tofauti mkiweka huu pembeni ya Yume Nikki: Dream Diary, uliotoka mwaka 2018 kwa jina la Kadokawa, na picha za kisasa. Ni mzuri kwa macho. Lakini humo unaruka vizuizi, unajificha, unatatua mafumbo, na viumbe vimepewa kazi ya kukusumbua kama katika mchezo wowote wa kutisha. Niliucheza kwa rafiki mwenye mashine yenye nguvu, na baada ya nusu saa nilikuwa nimechoka tu. Kiumbe chenye kazi ni mfanyakazi. Afadhali mzee wa hii familia, LSD: Dream Emulator ya Osamu Sato, iliyotoka Japani mwaka 1998 kwa PlayStation ya kwanza, ikitokana na daftari la ndoto la mwenzake Hiroko Nishikawa. Kule kuna mwanaume wa kijivu anayekuja pole pole, ukimgusa skrini inamweka mwanga na unapoteza uwezo wa kurudia ndoto zako. Hata yeye hakuui. Anapita.

Sasa kisu. Hapa ndipo nina ugomvi na Kikiyama, au labda ni sifa, sijaamua. Ukipata kisu, unaweza kuchoma karibu kila kiumbe unachokutana nacho. Kinapiga kelele, kinatoweka, na vingine vinaacha hela kidogo za kununulia kinywaji kwenye mashine. Vile viumbe havijakufanyia kitu. Vilikuwa vimesimama. Wachezaji wa ng'ambo wanaandika juu ya kisu kwa mzaha, wanahesabu ni vingapi wamevimaliza. Mimi natoka fasi ambapo panga ni la kukata mkungu wa ndizi asubuhi, na jioni tunasikia habari zake nyingine. Sikuweza kucheka.

Mdogo wangu alikipata kisu kabla sijajua. Alichoma kiumbe kimoja, kidogo, chenye umbo la kuku sijui la nini. Kikalia. Akanyamaza. Kisha akarudi hadi kwenye ile fasi ya milango 12, kwa sababu pale tu ndipo unaweza kuweka chini ulichookota, na akakiacha. Katika mchezo huu ukiweka kitu chini kinakuwa yai. Kisu chake kikawa yai pale sakafuni, naye akaendelea kutembea na mwavuli.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mchezo haukumpa pointi, haukumpigia muziki. Mchezo mwingine ungemwandikia "Hongera" na kuharibu kila kitu.

Kuna jambo moja sikumwonyesha na sitamwonyesha. Ukiweka chini vyote 24 na kumwamsha Madotsuki, mchezo unafika mwisho wake, na mwisho huo ni wa msichana kujiua. Wengi wanausifu, wanasema ndio ukweli wa upweke. Mimi naona ndipo mtengenezaji alipochoka. Alikaa kimya juu ya kila kitu, akatuachia dunia nzima bila maelezo, halafu kwenye dakika ya mwisho akatoa jibu, tena jibu la bei rahisi kuliko yote. Ndoto zile zilikuwa tajiri mno kuishia pale. Na nyinyi mnaopitia usiku mgumu, tuko wengi humu, msiucheze mkiwa peke yenu, na msione haya kumwambia mtu kwamba hamlali.

Mdogo wangu bado analala na kitochi. Sitaki mtu aandike chini hapa kwamba mchezo umemponya, hapana. Ila sasa, umeme ukikatika jioni tukiwa mezani, na mama anatafuta kiberiti, yeye husema gizani, polepole, "Moja kwa sitini na ine," na wadogo wengine wanapiga kelele na kucheka mpaka taa inawaka.

Mwenye kuutaka aje na flashi yake. Folda ni ileile, "Statistiki". Na aje na betri imejaa, sababu kwetu tangu juzi hakuna moto.