Barua taka: nani abebe gharama?

Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California walichapisha hesabu ya kushangaza. Walifuatilia Storm, mtandao wa kompyuta zilizotekwa, ukitangaza dawa kwa siku 26. Barua karibu milioni 350 zilitumwa. Waliofikia hatua ya kununua walikuwa 28.

Biashara hiyo husimama kwa sababu kutuma barua ni karibu bure. Ndiyo maana mbinu nyingi za kumkatisha tamaa mtumaji humpandishia gharama.

Adam Back wa Uingereza alijaribu hivyo mwaka 1997 kwa Hashcash: kabla ya kutuma, kompyuta hutafuta namba kwa kubahatisha, kwa kawaida mara milioni moja hivi, na mpokeaji huikagua mara moja tu. Barua moja si mzigo. Milioni moja ni mzigo, ila tapeli huwatwika wenye kompyuta alizoziteka.

Mwaka 2003 Evan Harris alileta orodha ya kijivu. Seva ikibishiwa hodi na mgeni humjibu 451, yaani rudi baadaye. Seva halali huweka barua kwenye foleni, kisha hubisha tena. Programu za barua taka za wakati ule hazikuwa na subira, zilikwenda zao.

Tuilete mbinu hiyo Lubumbashi. Wakala wa forodha mwenye seva yake Kampemba anatuma nyaraka za lori linalosubiri Kasumbalesa. Dakika kumi na tano si kitu, ila umeme ukikatika kabla seva haijabisha mara ya pili, lori linalala mpakani. Na akiwa anachangia anwani ya IP na wateja wengine, kompyuta moja iliyotekwa yatosha kuwatia wote kwenye orodha nyeusi ya wanaozuiwa.

Mbinu nyingine, SPF, haimtozi wakala huyo muda wala umeme. Ni mstari mmoja kwenye rekodi za kikoa chake cha .cd, unaotaja seva zenye ruhusa ya kutuma kwa jina lake. DKIM huongeza muhuri. DMARC humwelekeza mpokeaji la kufanya barua isipopita ukaguzi. Tangu Februari 2024, Google inayadai yote matatu kwa wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenye Gmail, na malalamiko yasifike asilimia 0.3.

Tapeli naye aweza kununua kikoa na kukiandikia mstari uleule. Malalamiko yakizidi, jina hilo halimfai tena, na la kuanzia upya atalilipia mwenyewe.