Aniversere ya Bwana: Tunasherehekea Nini, na kwa Makuta ya Nani?

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma juu ya mila za zamani: ndoa, kilio, kutahiri, mapasa, mashauri ya wazee. Mara hii tumechagua jambo ambalo wengi watasema si mila hata kidogo. Ni aniversere ya bwana, ile sherehe ambayo mke anamtayarishia mume wake siku aliyozaliwa. Zamani ilikuwa ya nyumba chache tu. Leo tunaionaka katika mitaa ya Kasongo, na kule Kabambare pia watu wanaizungumza. Desturi inayoingia nyumbani mwetu inastahili kuchunguzwa sawa na zile zinazotutoka.

Maneno yanayosemwa juu yake tunayajua. Wamoja wanasema: "Ile ni mambo ya wazungu, iachwe." Wengine wanajibu: "Njo maendeleo, na asiye na makuta akae kwake." Sisi hatukubaliani na upande wowote. Tunaona kwamba kukumbuka kuzaliwa kwa mtu ni kwetu tangu zamani. Tunacholaumu ni gharama yake ya leo, na ile namna ya kumsahau mwenye siku katikati ya sherehe yake mwenyewe.

Je, wazee wetu hawakujua siku ya kuzaliwa?

Ni kweli, wengi hawakuhesabu tarehe. Katika vitambulisho vya baba zetu tunasoma «né vers», yaani amezaliwa karibu na mwaka fulani, na huo mwaka karani aliukadiria kwa macho. Hata mtu anayetajwa kuliko wote katika historia ya Kasongo hana aniversere. Ni Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Aliposimulia maisha yake kwa Kiswahili alianzia umri wa miaka 12 na safari zake za kwanza za biashara. Tunajua kwamba alikufa Unguja mwezi wa Juni 1905, lakini mwaka aliozaliwa wanahistoria wanabishana mpaka leo.

Lakini asiyejua tarehe anaweza kujua vizuri sana habari ya kuzaliwa. Tuangalie majina yetu. Ramazani, Shabani, Radjabu: hayo ni majina ya miezi. Amisi ni mtoto wa Alhamisi, Juma na Mwajuma ni wa Ijumaa. Mwavita alikuja wakati wa vita, Musafiri alizaliwa safarini ama baba yake akiwa njiani. Mengi ya majina haya yalifika na Waungwana na dini ya Kiislamu, nasi tukayafanya yetu, hata Wakristo wanayabeba. Mara nyingine jina limerithiwa, na hapo linasimulia kuzaliwa kwa babu. Na mama anayeulizwa umri wa mtoto wake anajibu kwa matukio: alikuwa mgongoni wakati wa uasi wa Simba wa 1964, ama alianza kutembea tulipokimbilia porini katika vita ya 1998. Hiyo yote ni kalenda, na imehifadhiwa kwa midomo ya watu.

Tena, sherehe ya kuzaliwa tunaijua vizuri. Waislamu wa Kasongo wana Maulidi, katika mwezi wa mfungo sita. Maulidi ni nini? Watu wanakusanyika, habari za kuzaliwa kwa Mtume zinasomwa, wanaitikia, kisha wanakula pamoja. Wakristo wana Noeli, na usiku ule habari za kuzaliwa kwa Yesu zinasomwa kanisani kabla ya mtu yeyote kwenda kula. Dini mbili, mji mmoja, na utaratibu unafanana: kwanza kuzaliwa kunasimuliwa, karamu inafuata.

Wasomi wa misioni walikuwa pia na siku ya mtakatifu wao. Mwenye kuitwa Yosefu alipewa heri tarehe 19 Machi, bila mtu kuuliza amezaliwa lini. Mwaka 1972 majina ya kikristo yalikatazwa, na mwaka 1974 serikali ikafuta Noeli katika siku za mapumziko. Wakati huo aniversere moja ilikuwa lazima kwa wote: tarehe 14 Oktoba, siku aliyozaliwa Mobutu, ambayo ilikuwa pia sikukuu ya vijana. Wanafunzi waliandamana, wakaimba na kucheza. Tunaona kwamba kizazi kile kilijifunza hapo kuwa kusherehekea mtu ni kumpigia makofi yeye akiwa juu na watu wakiwa chini. Utawala ule uliisha mwaka 1997, lakini namna ile ya kusherehekea bado tunaiona katika viti vya plastiki vya sherehe zetu.

Kwa wale wanaosema kwamba aniversere ya kizungu lazima iwe na gato na kelele, tukumbushe habari moja. Livingstone, ambaye vidonda vya miguu vilimshikilia Kabambare kuanzia Julai 1870 hadi Februari 1871, alitimiza miaka 59 tarehe 19 Machi 1872 akiwa kule Tabora. Katika shajara yake siku hiyo aliandika sala. Huyo alikuwa mzungu kabisa.

Sherehe jinsi tunavyoiona

Tuichunguze sasa ile ya kwetu. Wageni wanaitwa saa kumi za jioni, mambo yanaanza saa mbili ya usiku. Kuna grupu ya umeme inayonguruma nyuma ya nyumba, bafle mbili, na protokole mwenye mikrofoni. Kuna wamama waliovaa kikwembe cha sare, kila mmoja amelipa chake, na asiyeweza kulipa hakuja. Gato imesafirishwa kwa pikipiki, imefika imelegea upande mmoja. Bwana anaingiza mke wake kwa muziki, wanakata gato, wanalishana, watu wanapiga picha kwa simu. Halafu bahasha zinasomwa: fulani ametoa hivi, fulani hivi. Bia inakwisha, wageni wanaondoka.

Tusiwe wabaya. Mambo mazuri yamo. Watoto wanamwona baba yao akiheshimiwa na mama yao, tena mbele ya watu. Wafanyakazi wenzake, wa kabila na dini mbalimbali, wanakaa meza moja. Na mke anasema maneno ya shukrani hadharani, jambo ambalo mama zetu hawakupewa nafasi ya kulifanya. Hiyo ni faida, na hatutaki ipotee.

Lakini tuulize: katika saa zile zote, nani amesimulia kuzaliwa kwa huyu bwana? Maulidi yanasoma habari ya kuzaliwa, Noeli vilevile. Sisi tunasoma orodha ya bahasha. Mama mzazi wa bwana, yule aliyeumwa siku ile, mara nyingi amekalishwa karibu na jikoni, hasikii kitu kwa sababu ya bafle. Shangazi aliyempokea mtoto mikononi anapewa sahani yake na kurudi kwake kulala. Protokole amesema jina la bwana mara thelathini bila kujua kwa nini aliitwa hivyo. Hilo kwetu ni kosa kubwa zaidi ya gharama, kwa sababu deni linaweza kulipwa, lakini bibi mzee akifa na habari zake hakuna wa kuzirudisha.

Makuta ya nani?

Deni nalo lisichukuliwe kuwa jambo dogo. Katika nyumba nyingi za Kasongo na Kabambare, anayelipa ni mke. Ni yeye anayeuza mchele, mafuta ya mawese, muhogo, samaki. Anachukua zamu yake ya likelemba, ile aliyoingojea kwa miezi, na kama haitoshi anagusa mtaji. Kikitokea kilio wiki inayofuata, ama mtoto wa sekondari akirudishwa nyumbani kwa ajili ya minervale, hakuna kitu. Waswahili walishasema: kukopa arusi, kulipa matanga.

Na ubaya unafichwa kwa neno moja: kumshitukiza. Bwana asijue lolote mpaka siku ile! Inapendeza kusikia, lakini maana yake ni kwamba katika nyumba hiyo mtu mmoja amefanya hesabu peke yake, na mwenzake atajua siku mwenye duka atakapobisha mlango. Wazee wetu walifanya karamu baada ya shauri. Mke anaweza kumshitukiza bwana kwa wimbo ama kwa mgeni aliyetoka mbali. Mambo ya makuta yazungumzwe kwanza.

Namna ya kuifanya bila kujitesa

Kulaumu peke yake hakutoshi. Tunapendekeza hivi.

Kwanza, siku. Ichaguliwe Jumapili ama siku yoyote ya mapumziko iliyo karibu na tarehe. Wazee hawakufungwa na tarehe, nasi tusifungwe. Ianze saa kumi kweli, chini ya mwembe ama ndani ya payoti, na imalizike kabla ya giza. Hapo grupu, mafuta yake na taa zote zinaondoka katika hesabu.

Pili, watu. Waitwe wale ambao wangekuja kulala kwenye mkeka usiku wa kwanza kama nyumba hiyo ingekuwa na kilio. Hao njo watu wa bwana. Katika nyumba ya kawaida hawapiti 15 ama 20. Wengine watasalimiwa njiani.

Tatu, chakula. Mchele tunao, na sifa yake ni ya Maniema tangu Waungwana walipoleta mbegu yake huku. Kwa watu 15, kilo 3 za mchele zinatosha, pamoja na sombe ya mawese, na kuku wawili ama watatu wa nyumbani ama samaki wa Lualaba. Nanasi, chai ya tangawizi, na mikate iliyokaangwa na watoto wenyewe badala ya gato. Anayekunywa malafu anywe kidogo, nyumba ya Kiislamu ina chai yake. Na ile desturi ya wamama kufika kila mmoja na sahani yake, ambayo tunaifuata bila aibu katika matanga, kwa nini isifuatwe katika furaha?

Nne, maneno, na hapa njo moyo wa shauri letu. Kabla ya chakula wasimame wasemaji wachache. Wa kwanza awe mtu aliyekuwapo siku ile ama aliyesikia kwa waliokuwapo: mama, shangazi, muyomba, ama mzee wa jirani. Aeleze mtoto alizaliwa wapi, nani alimpokea, mvua ilinyesha ama jua liliwaka, na jina lilitoka wapi. Baadaye rafiki wa shule ama wa kazi. Halafu mke aseme lake. Mwisho bwana mwenyewe ajibu, maana katika sherehe za sasa mwenye siku ni kama picha ya ukutani, anatazamwa tu. Mtoto mmoja akae na kaye yake aandike, ama simu iwekwe karibu na msemaji imrekodi. Simu hiyohiyo ya kupiga picha gato inaweza kufanya kazi hii, tena bure.

Tano, zawadi. Anayeleta alete, bila kusomwa mbele ya watu. Aliyeleta kuku na aliyeleta maneno mazuri wakae kiti kimoja.

Majibu kwa wanaopinga

Kuna ndugu Waislamu wanaosema kwamba dini haikuamuru aniversere, na kuna wachungaji wanaosema hivyohivyo. Hatutaki kuwahukumu. Wale wanaweza kukusanya jamaa siku nyingine yoyote, wakaomba dua, wakasimulia. Kinachotakiwa ni habari, jina la sherehe halina lazima.

Kuna wanaosema: "Bwana yangu hajui siku yake." Vizuri! Achague mwezi unaotajwa na jina lake, ama msimu ambao mama yake aliutaja. Na kama mama bado yupo, aulizwe mwaka huu, asiachwe mpaka mwaka kesho.

Kuna wanaosema: "Watatucheka." Watacheka, ndiyo, kwa wiki moja. Deni la karamu kubwa linachekwa zaidi, na kwa muda mrefu.

Na kuna swali ambalo wamama wanatuulizaka kwa sauti ya chini: aniversere ya mke iko wapi? Mke anapewa tarehe 8 Machi pamoja na wanawake wote wa dunia, na kikwembe ambacho mara nyingi amejinunulia mwenyewe. Bwana aliyesherehekewa chini ya mwembe ajue kwamba zamu yake ya kupika shauri inakuja. Mchele ni uleule, mkeka ni uleule.

Tumalizie na jambo la serikali, kwa sababu linahusu watoto wetu. Sheria ya jamaa ya 1987, jinsi ilivyobadilishwa mwaka 2016, inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Wengi hawafanyi, na karatasi nyingi za wakubwa zilibaki nyuma ama ziliungua katika miaka ya vita. Kwa hiyo tunawaomba wasomaji, kila mmoja katika nyumba yake: kabla ya kununua soda ya kwanza, nunueni kaye moja. Ukurasa wa kwanza uwe wa baba, wa pili wa mama, kisha watoto mmojammoja. Andikeni mahali, majira, aliyepokea mtoto, na sababu ya jina. Anzeni na mzee aliye mkubwa kuliko wote katika jamaa, na mwende kwake mchana, wakati bado ana nguvu ya kusema.