Kwale wa sufuriani, kima wa Rungwe

Mwaka 1991, kambini katika msitu wa Ndundulu, upande wa Iringa wa milima ya Udzungwa, watafiti wa ndege kutoka Denmark walichungulia sufuria wakaona miguu miwili wasiyoweza kusema ni ya ndege gani. Haikufanana na ya kwale yeyote waliyemjua. Kitoweo kikageuka ushahidi.

Lakini miguu iliyopikwa haitoshi kumwingiza ndege kwenye vitabu vya sayansi. Anahitajika ndege mzima, mwenye manyoya na mifupa ya kupimwa na kulinganishwa na ngozi zilizohifadhiwa makumbusho. Kazi hiyo ilichukua muda, na mwaka 1994 Lars Dinesen, Jon Fjeldså na wenzao walichapisha maelezo ya kwale wa Udzungwa katika jarida la Ibis. Hakuwa spishi mpya tu. Ilibidi aundiwe jenasi yake, Xenoperdix, kwa sababu jamaa zake wa karibu hawaonekani kuwa kwale wa Afrika bali wale wa misitu ya milimani barani Asia. Mwaka 2003 Fjeldså na Jacob Kiure walieleza kundi jingine kutoka milima ya Rubeho, na miaka miwili baadaye kundi hilo nalo likapandishwa kuwa spishi kamili.

Wataalamu hao hao wa ndege walikutana Ndundulu na mnyama mwingine: kima wa kahawia, mwenye mkia mrefu, anayekaa juu kabisa ya miti. Katika ripoti yao ya mwaka 2001 aliorodheshwa kama kima wa Sanje. Kosa lenyewe linaeleweka. Kima wa Sanje alikuwa amefahamika kwa sayansi tangu 1979 katika msitu wa Mwanihana, kwenye milima hiyo hiyo. Mtu aliyekuja kutafuta ndege, akaona umbo la kima kwenye ukungu kwa nukta chache, humpa jina la jirani anayejulikana.

Huku Mbeya kazi ilianzia kwenye mazungumzo. Mwanzoni mwa 2003, Tim Davenport, Noah Mpunga, Sophy Machaga na wenzao wa shirika la uhifadhi la WCS walikuwa wakiwahoji wawindaji wa Kinyakyusa kuzunguka Mlima Rungwe. Wawindaji walimtaja kima mwoga aitwaye kipunji. Ugumu ulikuwa kwamba simulizi za Wanyakyusa zina wanyama wa kweli na wa hadithi pamoja, na jina peke yake halikuonyesha huyu ni wa kundi lipi. Mei mwaka huo wakamwona kwa mbali, si vizuri. Ilipofika Desemba, shaka ikaisha.

Julai 2004, mtafiti Trevor Jones naye akaingia Ndundulu kuwafuatilia wale "kima wa Sanje" wa ripoti ya wataalamu wa ndege. Aliowakuta walikuwa na shungi la nywele lililosimama utosini, na sauti yao haikulingana. Kima wa Sanje na jamaa zake huanza kwa mlio wa kupaa, wakanyamaza, kisha wakabwata mfululizo. Hawa walitoa mbweko mmoja mzito wa chini, kama honi ya lori. Timu mbili zilizokuwa zikifanya kazi umbali wa zaidi ya kilomita 300 zikagundua kwamba zinamfuata mnyama mmoja.

Sauti za kima hazimsaidii mtafiti wa kima peke yake: anayetafuta tai msituni naye ana sababu ya kuzijua. Tai mkubwa mwenye kishungi, anayewinda kima, hujificha kwenye majani na kusubiri, hivyo mara nyingi mayowe ya mawindo hutangulia kusikika kabla ya tai kuonekana. Huko Amboseli, Kenya, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler walionyesha mwaka 1980 kwamba tumbili wana milio tofauti kwa chui, tai na nyoka. Walipochezewa mlio wa chui kutoka kwenye kipaza sauti, tumbili walikimbilia mitini. Wa tai, walitazama juu au kuingia vichakani. Wa nyoka, waliinama kukagua nyasi. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha adui yeyote.

Kipunji alitangazwa katika jarida la Science Mei 2005, na hapo ubishi ukaanza. Kwa kuwa kima hao walionekana kuwa wachache, waandishi hawakuua hata mmoja. Walitumia picha badala ya kielelezo cha makumbusho. Baadhi ya wanasayansi walihoji: picha inawezaje kusimama mahali pa mwili unaoweza kupimwa tena miaka hamsini ijayo? Jibu lilitoka shambani mwaka huo huo, pale kipunji kijana alipokufa kwenye mtego wa mkulima wa Rungwe. Mwili wake ulipochunguzwa, pamoja na vinasaba, ulimtoa kwenye jenasi aliyokuwa amewekwa na kumsogeza karibu na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus, ya kwanza mpya kwa kima wa Afrika tangu 1923.

Hata hivyo mwili mmoja nao una mipaka yake. Uchunguzi uliochapishwa 2010 ulionyesha kwamba kipunji wa Nyanda za Juu Kusini, yaani wa upande wa Rungwe, wamebeba vinasaba vya mitokondria vilivyotoka kwa nyani, dalili ya kuzaliana zamani, ilhali wale wa Ndundulu hawana. Bila sampuli za Ndundulu, alama ya Rungwe ingedhaniwa kuwa ya kipunji wote. Na Ndundulu ndiko walikobaki wachache: katika sensa iliyochapishwa 2008, kati ya kipunji 1,117 waliokadiriwa, 1,042 walikuwa upande wa Rungwe na Kitulo iliyo jirani, na 75 tu, katika makundi manne, walikuwa kwenye msitu wa yule kwale.