Kukunja Usiku

Kazi yangu ya usiku huanza kwa kuokota mawe. Natafuta manne au matano ya kujaza kiganja, nayatia kwenye mfuko wa turubai, na mfuko nautundika katikati ya stendi ya miguu mitatu. Juu ya Kamembe, mlimani unapoliona Ziwa Kivu likinyoosha kuelekea kaskazini, jua likishazama upepo huanza kuteremka kutoka vilimani kwenda majini. Si upepo wa kuvunja tawi, lakini unatosha kutetemesha stendi nyepesi, na stendi ikitetemeka mara moja, kazi ya saa tatu imekwenda na maji.

Baada ya mawe naielekeza lenzi kwenye nyota ing'aayo kuliko zote. Naikuza kwenye kioo cha kamera, nazungusha pete ya lenzi taratibu, mpaka nyota inywee kutoka punje ya mahindi hadi ncha ya sindano. Pete naifunga kwa utepe wa gundi. Kioo nakizima. Napanga muda: kila picha ifunguke sekunde 15, na kila baada ya sekunde 20 ianze nyingine. Nabonyeza, naondoa mkono. Kuanzia hapo sina ruhusa ya kugusa chochote mpaka alfajiri.

Wenye kamera huiita taimulapsi. Mimi napenda kusema kwamba tunakunja usiku, kwa maana ile ile ya kukunja mkeka: mkeka uliokunjwa ni ule ule, ila sasa unabebeka kwapani. Hesabu yake ni nyepesi lakini haina huruma. Nikitaka mwendo laini, nahitaji picha 25 kwa kila sekunde ya filamu. Filamu ya sekunde 10 inadai picha 250, na kwa mpango wangu hizo ni dakika 83 za kukaa. Usiku wa saa 10 unazaa picha 1,800, na picha 1,800 ni sekunde 72 za kutazama. Saa 10 kwa sekunde 72: hiyo ndiyo bei, nami nimeilipa mara nyingi kwa moyo mkunjufu.

Anayeziona sekunde hizo hudhani nimeuharakisha usiku. Aliyekaa kule juu anajua kwamba hakuna kilichoharakishwa. Nyota zilikwenda mwendo wake, ukungu mwendo wake, nami nikaungoja mwendo huo hadi mwisho. Mwaka 1910 Mwingereza Percy Smith alionyesha filamu ya maua yakichanua, na watu waliozaliwa na kukulia kati ya bustani wakaona jinsi ua linavyojifungua, kazi iliyokuwa ikifanyika mbele ya macho yao miaka yote. Mwaka 1992 Ron Fricke akatoa filamu isiyo na msimulizi hata mmoja, mawingu na nyota zikizungumza zenyewe, na sehemu zake nyingine alizipiga Kenya na Tanzania. Aliiita Baraka, jina ambalo Mswahili haulizi maana yake. Wote wawili walitukopesha subira ambayo macho yetu hayakuumbwa nayo.

Mafunzo mengi ya kazi hii yametoka kwa watu wa kaskazini mwa dunia, na picha wanayoisifu ni ya nyota zikizunguka Nyota ya Kaskazini kama jiwe la kusagia. Nilipoanza, niliitafuta duara hiyo miezi mingi. Sikuipata, kwa sababu haipo. Wilaya yetu ya Rusizi iko digrii mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta. Kwetu Nyota ya Kaskazini imelala chini ya upeo wa macho. Mbingu yetu inapanda na kushuka. Mashariki, juu ya msitu wa Nyungwe, nyota hupanda wima kama ndoo inayovutwa kisimani. Magharibi, upande wa Bukavu, hushuka wima nyuma ya milima ya Kongo. Ukiigeuzia kamera kaskazini, juu ya ziwa, huchora matao, nusu duara ambayo nusu yake ya pili imezikwa ardhini. Siku nilipoliona tao la kwanza likijengeka kwenye kompyuta, nilijua kwa mara ya kwanza ni wapi hasa duniani ninapoishi.

Hata vipimo vyao nililazimika kuvipima upya. Wanasema gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, upate sekunde ambazo nyota itabaki nukta. Kwa lenzi ya milimita 20 ni sekunde 25. Lakini nyota zinazopita utosini kwetu ndizo zile za ikweta ya mbingu, zenye safari ndefu kuliko zote. Ukiziachia sekunde 25 huvutika kama uzi wa mshumaa. Ndiyo asili ya zile sekunde 15. Picha nilizozitupa ndizo zilizonifundisha.

Wahenga walikwishasema kuwa Kilimia kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Niliisikia methali hiyo utotoni, nikaiweka na methali nyingine zote. Sasa nimeiona. Mvua za Aprili na Mei zinapomaliziamalizia, Kilimia hupotea katika mwanga wa machweo. Juni ikiingia na kiangazi chake, siku moja kabla ya alfajiri, fungu lile dogo la nyota huchomoza tena juu ya Nyungwe. Katika filamu linapanda kutoka kwenye mstari mweusi wa miti, na nyuma yake ukungu unafurika juu ya mgongo wa mlima na kumwagika upande huu kama maziwa yanayochemka. Mgongo huo ndio unaogawa maji: yanayoteremkia kwetu hushika njia ya Mto Rusizi, Tanganyika na Kongo hadi Atlantiki, yanayoteremkia upande wa pili huufuata Nile. Kwa macho ya kawaida ukungu ule umesimama. Ukikunja saa moja tu, unauona ni mto.

Usiku wa Oktoba una mambo yake. Mvua zikirudi, upeo wa kaskazini-magharibi, ng'ambo ya mlima Kahuzi, huwakawaka bila kukoma na bila sauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa vipimo vya setilaiti vya miaka mingi, uliiweka sehemu hiyo ya Kabare, Kongo, ya pili duniani kwa wingi wa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela: zaidi ya mara 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Ngurumo haitufikii kwa umbali huo. Katika filamu mawingu yanapwita kwa mwanga wa ndani, kama kandili iliyofunikwa kwa kitenge, na ziwa chini yake linaitikia.

Nimeharibu pia. Usiku mmoja niliacha kamera ikipiga, nikajifunika blanketi, nikajiamini. Asubuhi nilifungua picha na kuona nyota zikififia moja baada ya moja, kama macho ya mtoto anayesinzia, mpaka kukawa na kijivu kitupu. Umande ulikuwa umeikalia lenzi tangu saa sita. Tangu hapo naifunga lenzi kitambaa cha sufu chenye kifuko cha joto, na kila nusu saa naipitia kwa tochi nyekundu, bila kuigusa, kama mama anayepitia kitanda cha mgonjwa. Kukaa kwenyewe ni kazi, na anayelala anaonekana kwenye picha.

Walionifundisha kukaa hasa ni wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Hutoka jioni kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba kwa kupokezana ili makasia yaende pamoja. Wakifika pao huwasha taa, hushusha wavu, hutulia. Mbalamwezi ikiwa kali, samaki hawaijali taa. Kwa hiyo wavuvi husubiri giza, na giza hilo ndilo ninalolisubiri mimi, kwa kuwa mwezi huzimeza nyota. Tunahesabu siku zile zile za mwezi, wao majini, mimi mlimani. Kuna usiku wa Julai ambapo taa zao zimetanda ziwani, nyota za Nge na Njia Nyeupe zimetanda juu, na ukitazama kwa mbali huujui mpaka wa maji na mbingu.

Alfajiri moja ya mwezi huo nilishuka ufukweni na stendi begani. Mitumbwi ilikuwa imefika, akina mama wanapima sambaza kwenye mabeseni, Kinyarwanda na Kiswahili vikipishana bei. Mzee mmoja tunayesalimiana kila mara aliniuliza, "Mwanangu, huko juu unavua nini usiku kucha?" Nilimwonyesha. Nilikuwa nimekwisha kuziunganisha picha za usiku uliotangulia, zikawa sekunde 40 kwenye simu.

Akaichukua simu kwa mikono miwili, mikono yenye magamba. Aliitazama mara ya kwanza kimya. Mara ya pili alicheka, nyota zilipoanza kuporomokea Bukavu. Mara ya tatu alinyoosha kidole, akakiweka juu ya nukta moja ya mwanga katikati ya ziwa. Kila kitu kilikuwa kinakimbia: mawingu, nyota, taa za mitumbwi mingine zikichora mistari na kukatika. Nukta ile ilitikisika kidogo tu, ikabaki palepale karibu filamu nzima.

"Hii ni taa yetu," alisema. "Hapa tulingoja."

Alijuaje, katika taa zote zile? Nilimuuliza. Akanijibu kwamba mtu hawezi kusahau mahali alipokaa usiku kucha. Akanirudishia simu, akachota sambaza kwa viganja vyote viwili, akazitia kwenye mfuko wangu wa turubai. Mawe nilikuwa nimeyaacha mlimani, pale stendi iliposimama, kwa ajili ya giza lijalo.