Kujitegemea na Kutegemeana: Maoni Juu ya Vitabu Viwili vya Maisha ya Bendi za Roki

Miongoni mwa vitabu vilivyotungwa Marekani juu ya muziki wa roki, viko viwili ambavyo vyastahili kuangaliwa kwa makini na watu wa taaluma ya lugha, ijapokuwa havikutungwa kwa ajili yao. Cha kwanza ni Get in the Van cha Henry Rollins, kilichotolewa mwaka 1994. Cha pili ni Our Band Could Be Your Life cha Michael Azerrad, kilichotolewa mwaka 2001. Vyote viwili vyaeleza habari za bendi ambazo, katika miaka ya 1980, hazikutaka au hazikuweza kuingia katika kampuni kubwa za santuri, bali zilitoa santuri zao katika kampuni ndogo, zikajitafutia kumbi za kupigia, na kuzunguka nchi kwa gari. Rollins alikuwa mwimbaji wa bendi moja katika hizo, na kitabu chake ni kumbukumbu za siku zake njiani. Azerrad ni mwandishi wa habari. Yeye amesimulia historia ya bendi 13, tangu mwaka 1981 hadi 1991.

Wasomaji wengi wamevipokea vitabu hivi kama sifa za uhuru. Maoni yatolewayo hapa ni kwamba ushahidi uliomo ndani yake waonyesha jambo jingine, na kwamba sarufi ya Kiswahili yaweza kulitaja jambo hilo kwa urahisi kuliko lugha waliyoitumia watungaji wenyewe.

Neno la Kiingereza ambalo bendi hizo hujitambulisha kwalo laweza kufasiriwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni huru. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na katika pwani ya Afrika Mashariki kinyume chake kwa muda mrefu kilikuwa mtumwa. Basi aliye huru ni yule asiye na bwana. Njia ya pili ni kusema bendi ya kujitegemea, maneno ambayo yamepata uzito wa siasa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mzizi wake ni tegemea, yaani kukiegemea kitu ili mtu asianguke. Na kikitiwa kiambishi ji, mwenye kuegemea na mwenye kuegemewa huwa ni mmoja. Maneno haya mawili hayalingani. Huru laeleza kitu ambacho bendi haina. Kujitegemea laeleza namna bendi inavyopata chakula, petroli na mahali pa kulala. Mfasiri achaguapo moja, amekwisha kuamua ni kitu gani atakitafuta kitabuni.

Kitabu cha Rollins chaanzia kwenye uhuru. Mwaka 1981 alikuwa kijana wa miaka 20 mjini Washington, akisimamia duka la kuuza aiskrimu, bendi ya Black Flag ya California ilipomwita awe mwimbaji wake. Bendi hiyo ilianzishwa mwaka 1976 na Greg Ginn, mpiga gitaa, ambaye tangu utotoni alikuwa na biashara ndogo ya vyombo vya redio iliyoitwa SST. Jina hilohilo akalipa kampuni yake ya santuri mwaka 1978. Rollins alikaa na bendi hiyo mpaka ilipovunjika mwaka 1986, na alipokuja kukitoa kitabu chake, alikitoa katika kampuni yake mwenyewe. Kwa kipimo cha kutokuwa na bwana, hapana awezaye kumpinga.

Lakini msomaji akishaingia ndani ya kurasa hizo, huona habari nyingine. Njaa haiachi kutajwa. Watu sita saba hulala pamoja na vikuza sauti vyao ndani ya gari moja. Wasikilizaji humtemea mwimbaji mate, humpiga, na humuunguza kwa sigara. Naye huandika mambo hayo kwa sentensi fupi, kavu, zisizo na viunganishi, siku hii baada ya siku ile. Safari inapokwisha hakuna nyumba ya kurudi: kwa muda mrefu Rollins aliishi katika kibanda nyuma ya nyumba ya wazazi wa Ginn, na siku za kukaa zilikuwa siku za mazoezi ya saa nyingi. Wako waliosema kwamba kitabu hiki huchosha kwa marudio yake. Ni kweli kwamba huchosha, lakini lawama hiyo haikufikiriwa vizuri. Mambo anayoyaandika yenyewe ni ya kujirudia, na mtungaji ambaye angeyapamba kila siku kwa maneno mapya angekuwa amemdanganya msomaji.

Wasomaji wa Kiswahili hawana sababu ya kushangazwa na mtindo huu. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, ambayo yalitolewa tena kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki mwaka 1958 na 1959, ni maandishi ya mtu aliye njiani. Mna hesabu za siku, za vyakula, za mizigo na za wachukuzi, na mtungaji hasimami kueleza moyo wake. Biashara ya Tippu Tip ilikuwa ya pembe na ya watu, na haiwezi kulinganishwa na kazi ya wapiga gitaa. Kinacholinganishwa ni umbo la masimulizi tu. Katika maandishi yote mawili safari yenyewe ndiyo inayotoa mpangilio, na anayesafiri huijua dunia kwa kuhesabu alichopewa na alichonyimwa.

Tofauti yao ndiyo inayofichua dosari ya Rollins. Tippu Tip hutaja watu. Wenyeji wake, wadeni wake, maadui na ndugu zake wana majina na matendo. Katika Get in the Van wenzake wa gari moja huonekana kama vivuli. Ginn, ambaye bendi nzima ilisimama juu ya fedha zake na kazi zake, hunyamaza karibu kitabu kizima. Mtu anayesoma ukurasa mmoja mmoja atadhani kwamba Rollins alizunguka Marekani na Ulaya peke yake. Hata hivyo kila ukurasa una mtu aliyeendesha gari usiku, mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake, na mtu aliyepika. Mwandishi amejiita mpweke, na ushahidi wake mwenyewe wampinga.

Azerrad ameona zaidi, kwa sababu hakuwa ndani ya gari. Sura yake iliyo bora ni ile ya Minutemen, bendi ya watu watatu wa San Pedro, bandari ya Los Angeles: D. Boon wa gitaa, Mike Watt wa besi, na George Hurley wa ngoma. Boon na Watt walikuwa marafiki tangu umri wa miaka 13 hivi. Hawakuacha kazi zao za mchana, na wakipata nafasi walikwenda safari fupi fupi, wakibeba vyombo vyao wenyewe na kuvifunga wenyewe jukwaani. Santuri yao maarufu, Double Nickels on the Dime ya mwaka 1984, ina nyimbo zaidi ya 40, na inasimuliwa kwamba gharama ya kuirekodi ilikuwa dola 1,100 hivi.

Hapa ndipo mtu wa lugha anapopata chakula chake. Watu hawa walikuwa na msemo wao, econo, ambao ulitokana na jina la gari la kampuni ya Ford, Econoline. Kufanya jambo kwa njia ya econo kulikuwa kulifanya kwa gharama ndogo, bila mapambo, na bila kumngoja mtu. Fasiri iliyo karibu katika Kiswahili ni kubana matumizi au kujibana. Lakini kujibana huwa na harufu ya dhiki, kana kwamba mtu angependa kuishi vingine kama angeweza. Econo halina harufu hiyo. Ni neno la majivuno, kama fundi ajivuniavyo kumaliza kazi kwa randa moja. Jina la santuri yenyewe ni la namna hiyohiyo: sarafu mbili za senti 5 husomeka 55, ambayo katika lugha ya madereva wa malori ilikuwa ndiyo mwendo wa maili 55 kwa saa uliowekwa na sheria ya Marekani mwaka 1974. Msamiati wa bendi hii wote umetolewa katika gari na barabara. Azerrad ameunukuu vizuri, ila hakuuliza kwa nini maneno hayo yalihitajiwa. Jibu laonekana katika sura yake mwenyewe: kikundi kinachoishi kwa matumizi madogo huhitaji lugha ya kukumbushana mwiko wake, ili asitokee mmoja akaona haya.

Dosari ya Azerrad ni ya mpaka. Habari za bendi huzifuata maadamu bendi imo katika kampuni ndogo. Ikishatia sahihi katika kampuni kubwa, simulizi hukatika. Kwa kufanya hivyo amerudi kwenye maana ya huru, yaani kutokuwa na bwana, na kuufanya mkataba kuwa ndicho kipimo cha maisha. Mpaka huo hauwezi kueleza kwa nini baadhi ya bendi zilizotoa santuri katika SST zilikuja baadaye kugombania haki za rekodi zao na kampuni hiyohiyo ndogo. Tena uchaguzi wa bendi 13 umeacha pengo. Bad Brains, bendi ya watu weusi wa Washington ambayo vijana wa Minor Threat waliitazama kama walimu wao, haikupewa sura. Wanawake ni wachache, ijapokuwa Kim Gordon wa Sonic Youth na Kira Roessler aliyepiga besi katika Black Flag walibeba mzigo uleule. Kitabu kinachosifu milango iliyo wazi kilipasa kuhesabu ni nani walioingia.

Kulinganisha na Tanzania kutasaidia kuonyesha mahali penye uzito. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, iliwaajiri wanamuziki kwa mshahara, na vyombo vilikuwa mali ya chama. Bendi nyingi za dansi zilizofuata zilikuwa za mashirika, za majeshi, au za watu binafsi wenye kununua vyombo. Mwanamuziki alipohama, alihama na sauti yake na mikono yake tu, gitaa lilibaki. Kwa hiyo swali lililo muhimu Dar es Salaam lilikuwa: vyombo ni vya nani? Huko San Pedro vyombo vilikuwa vya wapigaji, wala mshahara haukuwako. Mmoja alikuwa na mshahara bila gitaa, mwingine gitaa bila mshahara. Kumwita huyu huru na yule si huru ni kukata shauri kabla ya kusikiliza kesi.

Bendi ya Fugazi ya Washington, ambayo Azerrad ameipa sura moja, yaonyesha kwamba njia ya tatu yawezekana, na kwamba yadai kazi nyingi. Ian MacKaye na Jeff Nelson walianzisha kampuni ya Dischord mwaka 1980, na majalada ya santuri za mwanzo waliyakata, wakayakunja na kuyagundisha kwa mikono wao na rafiki zao. Fugazi, iliyopiga hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1987, iliweka kiingilio cha dola 5, ikakataa kumbi zinazozuia watoto, na haikuuza mashati. MacKaye mwenyewe ndiye aliyepanga safari. Wacheza waliopigana waliambiwa waache, na asiyesikia alitolewa nje na kurudishiwa dola zake 5. Hiyo ni amri ya mwenye nyumba kwa mgeni wake, nayo yaonyesha kwamba kiingilio kidogo hakikuwa sadaka. Kilikuwa sehemu ya mapatano baina ya wapigaji na wasikilizaji, na kila upande ulikuwa na wajibu wake.

Kiswahili kina usemi kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Bendi hizi zililala katika nyumba za watu wasiowajua, zikaondoka kabla ya siku ya tatu, na jembe lao walilipokea kwao: siku za kukaa ndizo siku walizopokea wao bendi za wageni, wakawatafutia kumbi na kuwalaza sakafuni. Ukumbi, anwani, chakula na gari vilizunguka kwa mkopo. Hapo ndipo kiambishi ji kinapokuwa hakitoshi, na panapohitajika kiambishi an: bendi hizi zilitegemeana.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko mwishoni mwa sura ya Minutemen. Tarehe 22 Desemba 1985 D. Boon alikufa katika ajali ya gari huko Arizona, akiwa na umri wa miaka 27. Watt aliacha muziki. Aliyemrudisha hakuwa kampuni wala wakili, bali kijana msikilizaji, Ed Crawford, aliyetoka Ohio akamfuata San Pedro; na mwaka 1986 wao wawili pamoja na Hurley wakaanza bendi mpya, fIREHOSE. Msikilizaji aligeuka mpigaji, na bendi iliyokufa ikawapa wengine uhai. Habari hiyo haiwezi kuelezwa kwa neno huru, wala kwa kujitegemea peke yake.

Kwa hiyo mwenye kutunga istilahi za muziki hatakosea akiandika bendi ya kujitegemea, maana hilo ndilo jina bendi zenyewe zilijichagulia. Lakini mwenye kutafsiri vitabu hivi viwili, kazi ambayo ingefaa ifanywe, asiridhike na jina. Akifika kwenye vitendo, yaani kulala, kula, kupakia na kuzika, atumie kauli ya kutendeana, nayo itamwonyesha msomaji wa Kiswahili jambo ambalo Rollins alilipita na ambalo Azerrad aliliona nusu yake.