Kidole, Jicho na Sauti: Tahakiki ya Sanaa ya Milango Mitano ya Fahamu

Wahakiki wengi huisifu kazi yoyote ya sanaa inayomwalika mtazamaji aiguse, ainuse au aionje. Husema kwamba kazi ya namna hiyo humfungulia mlango kila mtu: mtoto, asiyeona, asiyesikia, na yule ambaye hakupata kusoma historia ya sanaa. Nia hiyo ni njema, wala hatukusudii kuipinga. Hata hivyo twauliza: je, wingi wa milango ya fahamu unatosha kumfikisha mtu kwenye maana? Tutajaribu kujibu kwa kulinganisha kazi mbili zilizo mbalimbali sana kwa mahali na kwa wakati.

Ya kwanza ni Tate Sensorium, iliyoonyeshwa katika jumba la Tate Britain, London, mwaka 2015. Wabunifu wa Flying Object walichagua picha nne za karne ya 20, wakaziambatanisha na sauti, harufu, mguso na ladha. Mbele ya Full Stop (1961) ya John Latham, yenye duara kubwa jeusi, mawimbi ya sauti yasiyosikika yalisukuma hewa kwenye kiganja cha mtazamaji, naye akahisi kana kwamba anaguswa. Mbele ya Figure in a Landscape (1945) ya Francis Bacon alipewa chokoleti yenye mkaa, chumvi ya bahari na ladha ya moshi.

Ubora wa kazi hii ni dhahiri. Inamtoa mtazamaji katika desturi ya kusimama kimya, mikono nyuma, mbele ya ukuta. Mwenye ladha ya moshi ulimini huliangalia giza la Bacon kwa jicho jingine. Lakini ladha ile haikutoka kwa Bacon. Ni fasiri ya mtu mwingine iliyowekwa kando ya picha. Asiyeona akiila chokoleti hiyo, amepata chokoleti. Picha hajaipata, mpaka atokee wa kumweleza kilichochorwa.

Ya pili ni lukasa, ubao wa kumbukumbu wa Waluba wa Katanga. Ni ubao wa mti wa kutosha kushikwa kwa mkono mmoja, uliopambwa kwa ushanga na kauri au kwa michongo. Wataalamu wa chama cha Mbudye, walinzi wa historia ya ufalme, waliushika kwa mkono wa kushoto, wakapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia juu ya ushanga, huku wakisimulia habari za Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Punje moja kubwa iliyozungukwa na ndogo ndogo yaweza kumaanisha mfalme na watu wa baraza lake. Punje zilizopangwa kwa mstari zaweza kuwa njia au safari. Twasema “yaweza”, kwani usomaji ulibadilika kufuatana na msomaji na shughuli iliyowakutanisha watu.

Hapa mguso haukuongezwa juu ya kazi. Mguso ndio usomaji wenyewe. Kidole, jicho na sauti vilikwenda pamoja. Isimu inatufundisha kwamba ishara haisemi peke yake: yahitaji mfumo unaofahamika. Mfumo huo ulifundishwa kwa daraja ndani ya chama, wala haukuwa wa kila mtu. Aliyeushika ubao bila kufundishwa alishika ushanga tu. Kwa hiyo tusidai kwamba wahenga walifungua kila mlango. Wanachotufunza ni kwamba ufunguo ni elimu.

Leo baadhi ya mbao hizo zimo katika majumba ya makumbusho ya ng’ambo, kama vile Brooklyn Museum huko New York. Kwamba mgeni haruhusiwi kuzishika kunaeleweka, kwani ni vitu vikongwe. Lakini lukasa isiyoguswa wala kusimuliwa imebakiwa na mlango mmoja tu, nao ni jicho. Itengenezwe basi nakala ya kupapaswa. Hiyo nayo haitoshi: pasipo sauti itakuwa mchezo wa vidole. Pawe na masimulizi ya Kiluba, na ya Kiswahili kwa wengi wasiojua Kiluba, yakikiongoza kidole punje kwa punje. Ni nani atakayeyaandaa masimulizi hayo, kama si sisi tunaojifunza lugha hizi?

Kwa maoni yetu, sanaa ya namna hii isipimwe kwa idadi ya fahamu inazozigusa. Ipimwe kwa swali moja: mtu akiisha kugusa, kunusa na kuonja, ana nini cha kumsimulia mwenzake?